Koa wa baharini wenye sumu kwenye tangi la nyumbani: yupi anafugika, yupi ataua tangi zima?

Msasani250

Wakuu, habari za jioni. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 250, limetimiza mwaka na miezi miwili. Ndani kuna mawe hai (ya mwamba, yenye viumbe) kama kilo 30, matumbawe laini, samaki wa anemoni wawili, kangaja mmoja, yule samaki mdogo wa mistari sita (Pseudocheilinus) na kamba wasafishaji wawili. Chumvi 35, joto 27, nitrati 10. Skima (ya kutoa uchafu kwa mapovu) inafanya kazi vizuri, sampu (tangi la pembeni la kuchujia) ni ya lita 60.

Nina maswali matatu.

La kwanza: kwenye mwamba, maji ya bamvua yakipwa, huwa anaonekana koa mweusi wa sentimita 6 hivi, ana matuta ya bluu-kijivu na vichwa vya manjano kama vipele. Je, anafugika?

La pili: wale majoka ya bluu wanaoelea, Glaucus. Kuna aliyewahi kuona wanafugwaje?

La tatu: Aiptasia, wale anemoni wadogo waharibifu, wamenijaa. Nimehesabu zaidi ya 60 upande wa mbele tu. Nasikia kuna koa anayekula hao na hali kitu kingine. Lakini nasikia pia koa hawa wana sumu. Nikimtia tangini, samaki wangu watapona?

mwamba_wa_nje

Mkuu, swali la kwanza na la pili jibu ni hapana. La tatu ni ndiyo, kwa masharti. Sababu ya yote matatu ni moja: chakula.

Kiswahili chetu kinaita vyote "sumu", na hapo ndipo watu wanapochanganya. Kuna sumu ya kuchoma, kama ya konyeza, inayoingia mwilini kwa kishale. Na kuna sumu ya kukaa kwenye nyama na ute, inayokudhuru ukimla au ukioga naye maji mamoja. Koa wa baharini wana zote mbili, ila si koa mmoja, na wengi hawaitengenezi wenyewe tangu mwanzo. Wanaichukua kwenye wanachokula.

Wale wenye vidole vingi mgongoni hula anemoni, haidroidi na konyeza. Wakimeza, sehemu ya vishale haifyatuki. Inapita tumboni mzimamzima, inapanda hadi kwenye vifuko vilivyo ncha za vidole, na kukaa pale tayari. Silaha ya kuazima. Ukimlisha koa huyo chakula kisicho na vishale, vifuko havijazwi tena.

Wale laini au wenye vipele, wasio na vidole, wengi hula sponji za baharini na kuhifadhi kemikali zake ngozini. Maelezo yako yanamfanana sana Phyllidia varicosa, na huyo ni wa kundi hili. Mwaka 1963 kule Hawaii iliandikwa kwamba ute wake unaua samaki na kamba waliowekwa naye chombo kimoja. Mwaka 1975 kemikali yenyewe ikatambuliwa, ikapewa jina linalotokana na Pupukea, mahali kwenye kisiwa cha Oahu, na ikaonekana pia kwenye sponji anayoila. Baharini ute huo unasambaa na kupotea. Kwenye lita 250 unaenda wapi?

Sasa njoo kwenye njaa, maana ndiyo inayowaua kabla ya kitu kingine chochote. Phyllidia hana hata meno. Huyeyusha sponji na kuifyonza. Hali chembe za samaki, hali kamba aliyesagwa, hali mwani. Sponji nyeupe zinazoota zenyewe kwenye sampu yako si zile anazozitaka. Utamwona anatembea mchana kutwa, anapanda kioo, anazunguka kona zote nne, utasema amezoea. Anatafuta chakula. Koa aliyeshiba hukaa papo hapo juu ya mlo wake. Ukitaka kuhakikisha, bandika rula ya plastiki nje ya kioo umpime kila Jumamosi: wa sentimita 6 anashuka hadi 5, kisha 4, huku bado ana rangi nzuri kabisa. Anaula mwili wake mwenyewe. Siku akifa, nyuma ya jiwe usikoona, ndipo samaki wako wanapoanza kuhema juu ya maji.

Hexabranchus sanguineus, yule mwekundu mkubwa anayeogelea kama kitambaa kinachopepea, ni hadithi hiyohiyo, ila yeye anafika sentimita 40. Zidisha tatizo kwa ukubwa huo.

Kwa hiyo usinunue wala kuokota koa kwa rangi. Jina lake likijulikana, uliza chakula chake. Kama chakula hicho huna, au huwezi kukizalisha, mwache alipo. Mfano mwingine ni Chelidonura varians, mweusi mwenye mistari ya bluu: anakula minyoo bapa na anaisafisha kweli, kisha minyoo ikiisha naye anakwisha.

Bi_Kasa

Nyongeza fupi kuhusu kuokota. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari. Huko hutoi kitu, hata gamba tupu. Mwambao mwingine nako uliza kibali kwanza.

Ukimkuta kwenye kidimbwi, piga picha kutoka juu na nyingine kutoka ubavuni, weka shilingi kando yake kwa kipimo, basi. Watu wa kuwatazama koa pwani hii wamekuwepo zamani: Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna wa Waingereza Afrika Mashariki 1900 hadi 1904, kati ya kazi zake za utawala aliandika makala za kitaalamu juu ya koa wa Zanzibar na mwambao huu.

FundiPampu

Mwamba kamaliza upande wa chakula. Mimi niongelee vyombo, kwa sababu hata koa anayefaa hufa kwa pampu kabla ya njaa.

Koa hana mfupa wala gamba la nje. Akikaribia mdomo wa pampu ya mawimbi anavutwa na kukatwakatwa, na kama ni wa sumu, hapo umeshatengeneza juisi na kuisambaza tangi zima kwa sekunde chache. Kila mdomo unaovuta maji uvae sponji ya filta yenye matundu madogo, milimita 1 au chini ya hapo. Sponji hiyo isuuze kila siku ya tatu. Ukiisahau inaziba, pampu inakosa maji, mota inapata moto, na tangi linapanda digrii mbili hujui kwa nini. Pale maji yanapomwagikia kwenda kwenye sampu, funga wavu.

Dawa yoyote yenye shaba iliyowahi kuingia kwenye tangi hilo au kwenye mawe hayo ni kifo kwa koa. Kama uliwahi kutibu ugonjwa wa madoa meupe kwa shaba humo ndani, acha mpango mzima.

Sasa, ikitokea amekufa au ametoa ute. Dalili: matumbawe laini yanajifunga yote kwa pamoja, kamba wanarukaruka au wanalala ubavu, samaki wanahema juu. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Mtoe koa kwa kikombe pamoja na maji yanayomzunguka. Usitumie wavu, unamkwaruza na kumkamua ute zaidi. Kama yuko ndani ya pampu, zima pampu hiyo moja tu, itoe nje ya tangi na umtolee huko. Nyingine ziendelee.

2. Badilisha maji asilimia 30 hadi 40 papo hapo. Kwako wewe ni lita 80 hadi 100. Maana yake pipa la maji yaliyochanganywa na yenye joto sawa liwe tayari *kabla* hujamleta koa. Lita 80 zinakula karibu kilo 3 za chumvi ya tangi. Huwezi kuanza kukoroga wakati samaki wanakufa.

3. Mkaa wa filta, ule wa punje (si wa jikoni jamani, imeshaulizwa humu), gramu 1 kwa kila lita, yaani gramu 250. Suuza vumbi lake hadi maji yatoke meupe, tia kwenye mfuko wa wavu, weka mahali maji yanapolazimika kupita *ndani* yake. Kuutupa mfuko kwenye kona ya sampu hakusaidii, maji yanaukwepa. Badilisha baada ya saa 24.

4. Jiwe la hewa, moja au mawili. Skima iache wazi hata ikimwaga. Ute huifanya ifurike. Weka ndoo chini yake.

5. Baada ya saa 12 pima amonia, badilisha tena robo ya maji.

Wanaochota maji ya bahari badala ya kukoroga: chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa Msimbazi au mto wowote, na msimu wa masika pima chumvi kila ndoo. Mvua ikipiga siku tatu, maji ya ufukweni yanashuka chumvi na yanabeba uchafu wote wa mitaroni.

mwamba_wa_nje

Fundi, naongezea: gramu 1 kwa lita ni dozi ya dharura. Msije mkaiacha humo mwezi mzima.

Msasani250

Asanteni sana. Mweusi nimeachana naye, abaki mwambani kwake. Shaba haijawahi kuingia tangini.

Basi tubaki na huyo wa Aiptasia. Niagize wangapi? Nimtoe nani? Na kama nikipata wachache, naweza kuwazalisha hapahapa nyumbani?

chupa_ya_mayai

Anaitwa Berghia stephanieae. Asili yake Florida na Karibi, kwa hiyo utamwagiza kutoka kwa wanaomzalisha, hutamwokota Kunduchi. Mtu mzima ana sentimita 2 hivi, vidole vyeupe-kahawia mgongoni. Anakula Aiptasia tu. Vishale alivyoviazima havikudhuru wewe wala samaki wako. Akifa ni kipande kidogo cha nyama, si balaa la Phyllidia.

Nani atoke: samaki wa mistari sita, bila mjadala. Atawachomoa mmoja mmoja usiku wa kwanza, vishale au si vishale. Samaki vipepeo nao hivyohivyo, na kaa wengi. Kamba wasafishaji ni nusu kwa nusu. Kama huwezi kuwatoa, watie koa usiku mkubwa. Wengine huweka wale kamba wanaokula Aiptasia wakafikiri watasaidiana na Berghia. Hapana. Lysmata wurdemanni anakula Aiptasia, anakula Berghia, na mayai yake anayamaliza. Chagua jeshi moja.

Idadi: kwa lita 250 zenye Aiptasia wengi, 10 hadi 12. Ukitia wawili watapotea kwenye mawe wasikutane, wakazeeka bila kuzaa. Kila mmoja ni dume na jike, lakini bado anahitaji mwenzake.

Kuwaingiza: chupa yao iache ielee dakika 20 joto lilingane. Kisha tumia mrija wa pampu ya hewa uliofungwa fundo, matone 2 kwa sekunde. Hiyo ni kama mililita 360 kwa saa, kwa hiyo maji ya mililita 300 waliyokuja nayo yataongezeka maradufu ndani ya saa moja (yahamishie chombo kikubwa zaidi). Usiharakishe. Koa anavumilia joto kupanda kidogo kuliko chumvi kubadilika ghafla. Zima taa, subiri saa moja, zima pampu kwa nusu saa, mfyonze kwa bomba la plastiki lenye mdomo wa milimita 5 (mrija mnene wa juisi unafaa), umwachie chini ya jiwe lenye Aiptasia *wadogo*, wa sentimita 1 au pungufu. Aiptasia mkubwa anaweza kummeza koa mdogo aliyedondoka juu yake. Hapo ndipo watu wanapotupa pesa.

Kisha usitegemee kuona kitu. Wanatoka usiku. Tochi yenye kioo chekundu itakuonyesha mmoja mmoja. Utakachokiona kwanza ni mayai: utepe mweupe uliojiviringa bapa kwenye kioo au jiwe, kama dawa ya mbu ya kuzungusha, mdogo kuliko ukucha. Matokeo kwenye Aiptasia hesabu wiki 8 hadi 12, kwa sababu kazi inafanywa na kizazi cha pili, si hao uliowanunua.

Kuzalisha pembeni kunawezekana, na sababu yake ni nzuri: watoto wa koa wengi huelea baharini kwa muda mrefu wakila vijimwani vidogo mno ambavyo hutaviweza nyumbani. Wa Berghia wanatoka yaini na kiini chao, wanatua baada ya siku chache na kuanza kula Aiptasia moja kwa moja. Ndiyo maana yeye anazalishwa na kuuzwa, na wenzake wengi hawazalishwi.

Utahitaji chupa za kioo za lita 1, tatu au nne. Koa wazima wanne chupa moja. Joto 25 hadi 26. Kwa joto la Dar weka chupa ndani ya beseni la maji na feni ipulize juu yake. Chupa ndogo ikivuka 28 maji yake yanaharibika upesi sana. Kila siku mwaga nusu ya maji, rudisha yenye chumvi ileile. Ondoa mabaki ya Aiptasia kabla hayajaoza. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa: wanasaga Aiptasia ili "iwe rahisi kwa watoto", maji yanachafuka, asubuhi chupa nzima inanuka. Watoto wape Aiptasia mzima wa milimita 3 hadi 5, wamzunguke wenyewe.

Utepe wa mayai ubandue kwa kadi ya plastiki, telezesha, usivute. Uhamishie chupa yake. Ukiona umegeuka kijivu au unafumka kabla ya wakati, tupa. Kwa digrii 25 wanatoka kati ya siku ya 11 na ya 14. Usitie pampu ya hewa siku hizo. Mapovu huwapandisha juu wakanasa kwenye utando wa maji na kukauka kwenye ukingo. Watoto ni nukta nyeupe, tumia kioo cha kukuzia. Tangu yai hadi kutaga, miezi miwili.

La kuchekesha ni kwamba baada ya hapo utaanza kuwafuga Aiptasia kwa makusudi. Ndoo ya lita 20, taa, jiwe la hewa, artemia wachanga (vijikamba vidogo vya chakula) mara mbili kwa wiki. Bomba na beseni za huko zisiguse tangi kubwa kamwe.

Aiptasia wakiisha tangini, Berghia wana wiki moja au mbili za kuishi. Watakusanyika kwenye kioo usiku wakitafuta, wenye njaa wanaanza kulana. Wakusanye uwape mwenye tangi lililojaa. Usiwatupe baharini, hata kama unawahurumia. Si wa huku.

konyeza_mvua

Kuhusu joka la bluu, niliona limepitwa.

Glaucus atlanticus ana sentimita 3 kwa kawaida. Haishi kwenye jiwe wala kwenye kioo. Anameza hewa, anaelea chali juu ya maji: tumbo la bluu linatazama mbingu, mgongo wa fedha unatazama chini. Tangi lina kuta nne, na mkondo wa pampu unamgonga kwenye kuta hizo usiku kucha hadi vidole vinakatika. Lina pia mdomo wa kumwagia maji unaovuta tabaka la juu, yaani palepale anapokaa yeye. Hata ukiondoa hayo, unamlisha nini? Anakula Physalia, yule konyeza mwenye puto la bluu, pamoja na Velella na Porpita. Hakuna anayeuza hao kwa pakiti. Ukiwaweka wawili pamoja bila chakula, mmoja anamla mwenzake.

Na huyu ndiye wa kuchoma kweli. Vishale vya Physalia anavirundika kwenye ncha za vidole, kwa hiyo kiganja kinaweza kuungua vibaya kuliko ambavyo kingeungua kwa konyeza mwenyewe. Aliyekufa mchangani bado anachoma. Wanaletwa ufukweni na upepo unaosukuma kuelekea nchi kavu, mara nyingi pamoja na hao konyeza, hivyo ukiona maputo ya bluu mchangani, watoto wavae viatu.

Akikuchoma: suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba. Toa nyuzi kwa kijiti au koleo. Usisugue kwa mchanga. Kisha tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya digrii 45 kwa dakika 20. Yajaribu kwanza kwa mkono usioumia ili usijibabue. Kifua kikibana au pumzi ikiwa nzito, hospitali.

Msasani250

Nimeelewa. Samaki wa mistari sita anahamia tangi la jirani wiki hii. Swali la mwisho: nyuma ya tangi kuna mwani wa nyuzi umejaa. Na huyo naye ana koa wake?

FundiPampu

Anaye. Dolabella auricularia, yule mkubwa mnene wa kijani-kahawia, yupo pwani yetu. Ndiye ambaye wenzake waliochukuliwa Mauritius mwaka 1972 walitoa kemikali iliyofungua njia ya dawa moja ya saratani iliyoidhinishwa Marekani 2011. Baadaye ikaonekana kwamba kemikali yenyewe inatoka kwa bakteria wa bluu-kijani anaowala pamoja na mwani, kwa hiyo tunarudi kulekule alikosema Mwamba: chakula.

Kwa lita 250 atamaliza mwani wako ndani ya wiki mbili, kisha utalazimika kumbandikia kioo shuka za mwani mkavu, na si kila mmoja anakubali. Akishtuka anatoa wino wa zambarau; weka mkaa kama nilivyoeleza, nusu ya dozi inatosha. Azima wa mwenzako, mrudishe. Na hiyo nitrati yako ya 10 ishushe kwanza, la sivyo mwani utaota tena kabla hujamrudishia mwenyewe.